Mfumo Endeshi Huria: Maana ya Istilahi na Nafasi ya Debian Likasi

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayogawa kazi kwa kichakataji, kumbukumbu, diski na vifaa vingine vya kompyuta, kiasi kwamba mtu abonyezapo herufi moja katika barua anayoichapa, mfumo huo ndio unaoipokea ishara ya kibodi, ukaifikisha kwa programu ya uandishi na kuamuru kioo kiionyeshe. Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo ambako masomo ya sekondari hutolewa kwa Kifaransa, dhana hii hufundishwa kwa jina la système d'exploitation. Wapo wanaoiita mfumo wa uendeshaji, lakini mfumo endeshi ni istilahi fupi na haipungukiwi maana.

Neno linalohitaji maelezo marefu zaidi ni huria. Lina asili moja ya Kiarabu na huru na uhuru, na Tanzania limezoeleka katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kiingereza hutumia neno moja, free, kwa kisicholipiwa na kwa kilicho huru, ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amekuwa akifafanua tofauti hiyo kwa miaka mingi. Kifaransa hutenga libre na gratuit, nacho Kiswahili kina huria na bure. Programu huwa huria pale leseni yake inapomruhusu kila mtu kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa kwa wengine, na kuigawa ikiwa imeshabadilishwa. Ruhusa ya kuchunguza na kubadilisha haina maana bila msimbo chanzo, yaani maagizo ya programu kama yalivyoandikwa na watungaji wake. Kwa kipimo hicho, nakala ya Windows iliyopakiwa bila leseni inaweza kuwa ya bure mfukoni mwa mteja, lakini haiwi huria hata kidogo, kwa sababu mwenye nayo haruhusiwi kuikagua, kuirekebisha wala kumpa jirani.

Miongoni mwa mifumo endeshi huria, Debian ndiyo inayostahili kupendekezwa Likasi mbele ya Windows. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutumia kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa, na hutunzwa na watu wanaojitolea, ambao tangu mwaka 1997 wanafungwa na mkataba wa kijamii unaowaahidi watumiaji kwamba mfumo utabaki huria. Ubuntu, mfumo mwingine wenye jina ambalo msemaji wa Kiluba atalitambua upesi katika bumuntu, umejengwa juu ya Debian hiyo hiyo. Faida iliyo kubwa kwa mji ambako intaneti hununuliwa kwa vipimo ni kwamba diski moja ya DVD ya Debian hubeba mfumo wenyewe pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, hivyo kompyuta inaweza kutayarishwa bila mtandao, kisha nakala ile ile ikapelekwa katika mitaa ya Kikula, Panda au Shituru bila kuvunja sheria yoyote. Umri wa mashine nao ni hoja nzito: Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kumbukumbu ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi kuukuu hazina, ilhali Debian yenye eneokazi jepesi huendelea kuzitumikia na kupokea masasisho ya usalama.

Vikwazo vipo: baadhi ya printa na programu za uhasibu zimeundwa kwa Windows pekee, na ofisi inayozitegemea haina budi kuzijaribu kabla ya kuhama. Hata hivyo, katika suala la lugha uhuria unaonyesha uzito wake wote. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, mwaka 2004 bila kusubiri uamuzi wa kampuni yoyote, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Kwa ruhusa hiyo hiyo, walimu na mafundi wa Likasi wanaweza kuandika menyu za kompyuta zao kwa Kiswahili kinachosemwa Katanga.