Kanga ni ya nani? Safari ndefu ya nguo tunayoiita yetu

Siku naondoka nyumbani kuja kuanza masomo ya uzamili, shangazi alinipa doti ya kanga. Akasema, "Huko uendako usisahau ulikotoka. Chukua kitu cha kwetu." Usiku nilipoifungua nikakuta kikaratasi kimebandikwa: imetengenezwa India. Nikampigia simu kumtania. Akacheka, akanijibu, "Kwani maneno yake si ya Kiswahili?"

Jibu hilo limenikaa kichwani. Wengi wetu tukisikia utandawazi tunafikiria intaneti, simu janja na vyakula vya dukani, kama vile dunia ilitufikia juzi tu. Historia ya nguo za pwani inasema vingine.

Kabla ya Wamarekani

Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Kule Kilwa, waakiolojia wamechimbua vigae vingi vya vyungu vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa kusokotea uzi. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa wakisokota na kufuma wenyewe, na papo hapo wakinunua nguo kutoka Gujarat. Cha nje na cha ndani vilikaa sanduku moja.

Nguo iliyochukua jina la nchi

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kama balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kizito, kigumu, kisichopaushwa. Watu wakakipenda, wakakiita merikani, na jina hilo bado limo kwenye kamusi zetu.

Merikani ilikuwa nguo na ilikuwa pesa pia. Kwenye njia za misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi walilipwa kwa nguo na watawala walipewa hongo kwa nguo. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Meli nazo zilirudi Marekani na pembe za ndovu, zilizotengenezewa vitana na vibao vya piano, pamoja na sandarusi ya kutengenezea vanishi.

Sasa tusimame hapa kidogo. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Huku Unguja, watumwa waliochuma karafuu walivishwa merikani. Mtu aliyechuma pamba na mtu aliyechuma karafuu hawakuonana hata siku moja, lakini waliunganishwa na uzi mmoja. Huo nao ni utandawazi, na hauna cha kusherehekea.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakwama, bei ikapanda. Wauzaji wa Uingereza na India wakapata nafasi, na baadaye viwanda vya Bombay vikawa vinatoa nguo za kuiga zileile za Salem. Hapa pwani watu waliendelea kuziita merikani. Muuzaji alibadilika, jina likabaki.

Wanawake washika usukani

Karibu na mwisho wa karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za rangi (neno lenyewe ni la Kireno), wakishona sita pamoja kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza zichapishwe zikiwa kipande kimoja. Inasemekana madoadoa ya zile za mwanzo ndiyo yaliyoleta jina la kanga, kama yule ndege.

Nguo hii ilikuwa na uzito wake. Watumwa walivaa merikani, au kaniki yenye rangi ya giza. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakajifunga kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwamba kwao hilo lilikuwa tangazo: mimi sasa ni mtu huru, ni mwungwana kama ninyi.

Na walikuwa wateja wagumu! Mitindo ilibadilika upesi, na kanga iliyopitwa na wakati ilidoda dukani. Wachapishaji wa Manchester na Uholanzi, ambao wengi hawakuwahi kuiona Unguja, ilibidi wafuate mwanamke wa Ng'ambo anataka nini. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Pindo, mji na jina vikakamilika.

Lakini nani analipa?

Hapa ndipo shangazi na mimi tunapotofautiana kidogo. Maneno ni yetu, sawa. Mshahara wa mfumaji je? Wafumaji wa Mogadishu waliumia merikani ilipoingia. Baada ya uhuru Tanzania ilijaribu kurudisha kazi nyumbani, na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na kuendelea, nguo za nje na mitumba zikajaa, na viwanda vingi vikadhoofika. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuiondolea nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Kutoka merikani hadi mitumba, mshirika ni yuleyule.

Kwa hiyo swali la "kanga ni ya nani" ni maswali mawili. Ukiuliza nani ameipa maana, jibu ni wazi: wanawake wa pwani, wakiwemo waliotoka utumwani. Ukiuliza nani anakula kwa jasho la kuifuma, jibu linahama, Manchester, Bombay, kwingineko. Utamaduni wetu haukupotea kwa kukutana na dunia. Kilichopotea mara kwa mara ni kazi.

Leo ukirudi nyumbani, chukua kanga ya mama au ya bibi. Soma jina lake, halafu tafuta kikaratasi.