Frateri na Bruda: Neno moja, miito miwili

Katika parokia nyingi za Tanzania, kijana anayesoma seminari kuu huitwa frateri, na mtawa wa kiume asiye padre huitwa bruda. Majina yote mawili yana maana moja: ndugu wa kiume. Frateri limetoka katika Kilatini, frater. Bruda limetoka katika lugha za wamisionari wa Ulaya. Hata hivyo, bado wapo waamini wanaomwuliza bruda atapewa lini daraja ya upadre, kana kwamba ameishia njiani.

Kutoka Roma ya kale hadi Ubatizo

Warumi walilitumia neno hili katika ibada zao za jadi. Fratres Arvales, yaani Ndugu wa Mashamba, walikuwa makuhani 12 waliomtolea sadaka mungu wa kike Dea Dia ili mashamba yazae. Hawakuwa ndugu wa damu. Waliunganishwa na ibada.

Wakristo wa kwanza waliitana ndugu kwa msingi wa Ubatizo. Katika Mathayo 23:8, Yesu anawakataza wanafunzi wake kuitwa Rabi, kwa kuwa mwalimu wao ni mmoja na wao wote ni ndugu. Mwaliko wa Misa ya Kilatini, Orate, fratres, kwa Kiswahili ni “Salini, ndugu”. Hapa Kiswahili kimepanua maana: frater ni mwanamume, na dada ni soror, lakini ndugu huwachukua wote wawili.

Monasteri na mashirika

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 63, inawaagiza wamonaki wakubwa kuwaita wadogo wao ndugu. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye hakuwa padre, aliwaita wafuasi wake Fratres Minores, Ndugu Wadogo. Kanuni yao ilithibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1223. Kwao, mwenye daraja na asiye na daraja wote ni ndugu.

Baadaye tofauti ilijitokeza. Katika monasteri za Kijerumani, mmonaki aliyesomea upadre aliitwa Frater, na aliyeshika kazi za mikono aliitwa Bruder. Tofauti inayofanana na hiyo ndiyo tunayoisikia Tanzania leo.

Nani ni nani?

Frateri wa jimbo anaandaliwa kuwa padre. Yeye si mtawa na hajaweka nadhiri za kitawa. Bruda ameweka nadhiri za useja, ufukara na utii. Anaweza kuwa mwalimu, muuguzi, fundi au mkulima, na wito wake umekamilika bila upadre. Mwaka 2015 Vatican ilitoa hati nzima kuhusu utambulisho na utume wa mabruda katika Kanisa.

Vifupisho navyo huchanganya. Kwa desturi ya Kiingereza, Fr. ni Padre, katika maandishi ya Kilatini na ya Kijerumani, Fr. ni Frater. Kwa sababu hiyo wengi nchini Tanzania huandika Frt. kwa frateri.

Kumwuliza bruda atapata lini upadre ni kuugeuza undugu kuwa ngazi ya kupandia. Neno lenyewe, tangu Injili, lilikusudiwa kuwaweka watu sawa.