Maandamano ya Johannesburg na mifuko ya karatasi

Oktoba 13, 1990, watu wapatao 800 walikusanyika Braamfontein, Johannesburg, kwa maandamano ya fahari ya mashoga na wasagaji, yanayotambuliwa kuwa ya kwanza barani Afrika. Waandaaji walikuwa na mifuko ya karatasi iliyotobolewa matundu ya macho. Aliyehofia kufukuzwa kazi, au kuonwa na ndugu zake kwenye picha za magazeti, aliuvaa kichwani na kuandamana. Wengine walitembea nyuso wazi, katika nchi ambayo sheria ilikuwa ingali inawahesabu wanaume wapendanao kuwa wahalifu.

Desturi ya maandamano ya fahari ilianzia New York. Usiku wa kuamkia Juni 28, 1969, polisi walivamia baa ya mashoga ya Stonewall Inn, na safari hiyo wateja wakagoma kunyanyaswa. Mwaka mmoja baadaye maelfu waliandamana kutoka eneo hilo hadi Central Park. Kabla ya hapo, kila Julai 4 kuanzia 1965, wachache walikuwa wakibeba mabango ya kudai haki za mashoga na wasagaji huko Philadelphia, wanaume wakiwa na suti na tai, wanawake na sketi, ili serikali iwaone kuwa raia wenye adabu. Haikusaidia sana.

Wako wanaouliza fahari ni ya nini. Mtu aliyelelewa kujionea aibu hawezi kudai haki mahakamani, maana akifungua mdomo tu ameshajitaja. Ndiyo maana ilibidi watoke barabarani, hata wenye mifuko vichwani.

Aliyelijua hilo kuliko wengi ni Simon Nkoli, mzaliwa wa Soweto na mmoja wa waandaaji wa maandamano yale ya Johannesburg. Mwaka 1984 alikamatwa kufuatia maandamano ya kupinga kupandishwa kwa kodi za nyumba katika vitongoji vya Vaal, akaunganishwa na wenzake katika kesi ya uhaini ya Delmas. Akiwa rumande aliwaambia kwamba anapenda wanaume. Baadhi yao walikasirika, wakaona atawachafulia kesi, wakataka ashtakiwe peke yake. Walibishana kwa muda mrefu, mwishowe wakakubali kusimama naye kizimbani. Miongoni mwao walikuwemo Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, viongozi wakubwa wa baadaye. Naamini mabishano yale ya gerezani yalifanya kazi ambayo hotuba nyingi zisingeifanya.

Nkoli aliachiwa huru, na siku ile ya 1990 aliwaambia waandamanaji kwamba yeye ni Mweusi na ni shoga, na mapambano hayo mawili kwake hayatenganishwi.

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilipiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Oktoba 9, 1998, Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria iliyowafanya wanaume wapendanao kuwa wahalifu. Nkoli aliwahi kuiona hukumu hiyo. Alifariki Novemba 30 mwaka huohuo kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka 41.