Githeri, mawe na daftari

Nikiwa kidato cha pili tulifanya mgomo wa chakula. Jioni hiyo githeri ilikuja kama kawaida: mahindi tele, maharagwe ya kuhesabu, na wale wadudu tuliokuwa tunawaita "nyama". Mtu akagonga sahani. Mwingine akagonga. Dakika kumi baadaye mawe yalikuwa hewani na mimi, wacha niseme ukweli, nilirusha mawili.

Tulikaa nyumbani wiki mbili. Kila mzazi akalipia vioo. Mama yangu anauza mitumba. Hakunigombeza. Alihesabu zile noti mara mbili mbele ya mhasibu, akanirekebisha kola, akaenda zake. Usiku huo tulikula githeri. Ile ile.

Wazee wetu hupenda kusema, "Watoto wa siku hizi hawana adabu, sisi tulikula tulichopewa." Nilipoacha chuo nikaanza kusoma vitu ambavyo hakuna mtu atanitahini, na nikagundua hiyo si kweli hata kidogo.

Mgomo unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza katika shule za Kenya ulikuwa Maseno, mwaka wa 1908. Shule ilikuwa na miaka miwili tu! Vijana walichoka kufanyishwa kazi za mikono, wakasema wamekuja kusoma. Haukuwa mgomo wa chakula, lakini swali ni lile lile: mwanafunzi ana haki ya kusema hapana?

Halafu kuna 1952. Najua Makerere si sekondari, ila wakati huo ndicho kilikuwa chuo ambacho vijana bora wa Afrika Mashariki yote walienda baada ya shule za bweni. Wanafunzi wakagomea chakula kibaya. Waliohesabiwa kuwa vichwa vya mgomo wakafukuzwa. Mmoja alikuwa Abu Mayanja, ambaye baadaye alisoma Cambridge na kuwa Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Mwingine alikuwa Mkenya, Josephat Karanja. Huyo ndiye alikuja kuwa makamu wa chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, na mwaka wa 1988 akawa Makamu wa Rais. Na akiwa kwa kile kiti cha chuo, migomo ya wanafunzi ikamkuta yeye sasa. Maisha ni sarakasi.

Kitu kinachonisumbua katika hadithi hizi ni hiki: tunajua nani alifukuzwa, lakini sahani inasahaulika. Mwanafunzi akisema ana njaa, wakubwa wanasikia siasa. Wanasikia utovu wa nidhamu. Kesi inakuwa ya adabu, na maharagwe yanatoka kwenye mazungumzo.

Na sisi tunawasaidia kuyatoa. Ukirusha jiwe, kesho yake kikao ni cha jiwe. Ukiwasha moto ni mbaya zaidi. Machi 2001, bweni la Kyanguli kule Machakos lilichomwa na vijana 67 wakafa. Hasira ile ilihusu matokeo ya mtihani, lakini moto hauulizi malalamiko yako ni ya nini. Unachoma waliolala. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 zilikumbwa na moto, kama vile hatukujifunza chochote.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka uliofuata ule mgomo, kijana mmoja wa darasa letu alichaguliwa mwakilishi wa chakula. Mtulivu sana, hata tulimcheka. Alianza kuingia jikoni kila siku na daftari la kurasa 48. Anaandika: leo wanafunzi wangapi, gorogoro ngapi za mahindi, ngapi za maharagwe. Basi. Hakuna matusi, hakuna hotuba. Wiki sita.

Kulipokuwa na kikao na bodi, akafungua daftari, akaomba hesabu ya maharagwe yaliyonunuliwa muhula huo isomwe. Ikasomwa. Hesabu mbili hazikukutana. Akauliza swali moja: "Samahani, hayo mengine yalienda wapi?" Manze, alisimulia kwamba hakuna aliyekohoa.

Hakuna aliyefukuzwa. Muhula uliofuata maharagwe yaliongezeka, na mwanafunzi akawa anasimama stoo wakati wa kupima. Wadudu hawakuisha, siwadanganyi. Lakini daftari moja lilifanya kile mawe ya shule nzima yalishindwa.

Hakuingia kwa hicho kikao kwa huruma ya mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye bodi ya usimamizi wa shule. Watu wa 1908 na 1952 hawakuwa na hicho kiti. Wewe unacho. Katika shule nyingi kinakaliwa na mtu aliyechaguliwa kwa sababu ni mcheshi ama anacheza mpira vizuri.

Kwa hivyo kama bado uko bweni na unasoma hii kwa simu uliyoficha: njaa yako si utovu wa nidhamu. Kuwa na hasira. Lakini nunua daftari, na mkipiga kura, mchagueni mtu anayejua kuhesabu.

Mama, vile vioo nitakulipa.