Kaunti Ikipata Pesa za Ziada Ifanye Nini? Tuulize 1977

Najua ukisikia "serikali ina pesa za ziada" unacheka kwanza. Lakini wasee, hiyo kitu ilishawahi kutokea hapa hapa Kenya, na sisi watu wa Longisa na huku kote kwenye majani chai inatuhusu.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa Brazil. Kahawa ikaadimika duniani, bei ikapaa 1976 na 1977, na chai ikafuata. Soko la Chepkube kule Bungoma likawaka moto kwa kahawa ya magendo kutoka Uganda ya Idi Amin.

Sasa sikiza hii. Serikali ilimwachia mkulima sehemu kubwa ya faida, na wakulima wengi hawakuitapanya. Waliweka akiba, wakajenga, wakapanda zaidi. Lakini watu wakiwa na pesa wananunua vitu, kwa hivyo ushuru na kodi zikaongezeka, hazina ikajaa. Hapo ndipo serikali ikaanza kutumia kana kwamba bei ya 1977 ni ya milele. Shida ni kwamba ukishaajiri watu na kuanzisha miradi, huwezi kuzima kama taa. Bei ya kahawa ikashuka, mafuta yakapanda 1979, na matumizi yakabaki juu. 1980 tukachukua mkopo wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi. Kufikia 1989, mgonjwa alikuwa analipishwa kwenye hospitali za serikali.

Yaani mkulima alijua kuweka akiba kuliko Hazina ya Taifa!

Botswana walifanya tofauti. Pesa za almasi zilipozidi, 1994 wakaunda Pula Fund, akiba ya taifa ya siku mbaya.

Kuna mtu atasema, "Turudishieni tu pesa zetu." Poa, lakini ukigawa kwa kila mtu utapata ya unga wiki moja, halafu dawa zikikosekana Hospitali ya Longisa unanunua nje kwa bei yako.

Maoni yangu: mwaka ambao Bomet itakusanya kuliko ilivyopanga, ilipe kwanza madeni ya wakandarasi, kwa sababu wengine ni vijana kama sisi. Halafu inunue vitu vya mara moja, kama mashine za hospitali, sio kuongeza mishahara. Inayobaki ifungiwe kwa sheria mpaka mwaka ambao chai itaanguka.

Na itaanguka. Muulize mzee yeyote mwenye shamba la chai.