Ijaza na Leseni: Nani Mwenye Haki ya Kutibu Nafsi?

Mwezi wa Februari 1925 wakuu wa mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, walimpiga marufuku mtu mmoja aitwaye Theodor Reik asiendelee na kazi yake. Hakuwa mwizi wala mwuza dawa za uongo. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza mgonjwa akieleza ndoto zake, hofu zake na kumbukumbu za utoto wake, na kumsaidia ajue maana yake. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuwa tabibu. Alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa ya Chuo Kikuu cha Vienna, aliyoipata mwaka 1912 kwa tasnifu juu ya kitabu cha Flaubert, mwandishi wa Kifaransa. Lakini kujua vitabu, hata kama ni kujua kukubwa namna gani, hakukumpa mtu ruhusa ya kutibu katika nchi ile.

Jambo la ajabu ni kwamba Reik alitaka kusoma utabibu, na aliyemzuia ni mwalimu wake mwenyewe, Sigmund Freud, ambaye alikuwa tabibu. Freud aliona kuwa miaka ile ya kupasua maiti na kukariri majina ya mifupa ingempotezea kijana wakati, wala isingemfundisha neno juu ya nafsi ya binadamu. Basi mwaka 1926 mgonjwa wa zamani wa Reik, naye ni tabibu kutoka Marekani, alipomshtaki mwanafunzi huyu kwa kosa la kutibu pasipo ruhusa, mwalimu hakunyamaza. Katika muda mfupi aliandika kitabu kidogo, kikatoka mwaka ule ule. Alikitunga kwa namna ya mazungumzo baina yake na mtu asiyependelea upande wowote, mfano wa afisa wa serikali aliye na akili timamu na mashaka mengi.

Hoja ya kitabu hicho yastahili kukumbukwa, maana haijazeeka. Freud hakusema kuwa kila mtu aachwe atibu apendavyo. Alisema kinyume chake: anayetibu nafsi pasipo kufundishwa kazi hiyo ni mdanganyifu, na katika hukumu hiyo tabibu asiyefundishwa amo pia, pamoja na hati yake ukutani. Aliongeza kuwa mgonjwa hana budi kupimwa kwanza na tabibu, ili ugonjwa wa mwili usije ukadhaniwa kuwa wa nafsi. Na alipotaja masomo yamfaayo mwanafunzi wa kazi hii, aliweka pamoja elimu ya viumbe na dalili za wazimu na historia ya ustaarabu, visasili, elimu ya dini na fasihi. Sijui kama kuna chuo hata kimoja cha utabibu wakati ule ambacho kingalikubali orodha hiyo.

Msomaji wa pwani yetu atalielewa shauri hili kwa urahisi nikitumia neno ambalo analo tayari. Katika madarasa ya masheikh, mwanafunzi aliyesoma kitabu mpaka mwisho mbele ya mwalimu wake hupewa ijaza, nayo ni idhini ya kufundisha alichofundishwa. Ijaza haitoki kwa liwali wala kwa kadhi. Hutoka kwa mtu aliyemsikia mwanafunzi akisoma, akamsahihisha, akamjua. Wafuasi wa Freud waliofungua chuo chao mjini Berlin mwaka 1920 walikuwa wakijenga kitu cha namna hiyo. Mwanafunzi kwanza alichambuliwa nafsi yake mwenyewe na mkubwa wake. Pili alisikiliza mihadhara. Tatu alitibu wagonjwa chini ya jicho la mwalimu. Mkutano wa Bad Homburg wa mwaka 1925 uliunda halmashauri ya kimataifa ili kuueneza mpango huo. Reik alikuwa na ijaza. Kile ambacho hakuwa nacho ni leseni, na leseni hutoka serikalini.

Lakini nisiisifu ijaza kupita kiasi. Mwalimu aweza kumpendelea mtiifu na kumkwaza mwenye akili. Na mgonjwa akidhulumiwa, amwendee nani? Akimshtaki mwanafunzi kwa mwalimu wake, amewashtakia jamaa. Leseni, pamoja na ubaridi wake wote, humpa mnyonge mlango wa kubisha.

Mashtaka ya Vienna yalifutwa mwaka 1927. Freud mwenyewe alikiri kuwa si kitabu chake kilichoshinda. Mlalamikaji alionekana kuwa mtu asiyeaminika, basi. Swali lenyewe lilibaki bila hukumu, likavuka bahari. Mwaka 1938 chama cha wachambuzi wa nafsi cha Marekani kilikata shauri kuwa mafunzo yake ni kwa matabibu peke yao. Mwaka huo huo Reik, Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi kwa kupitia Uholanzi, alifika New York, akaukuta mlango ule ule wa Vienna umefungwa mbele yake tena, na safari hii na wenzake wa kazi. Alianzisha chama chake mwaka 1948. Mlango mkubwa haukufunguliwa mpaka wanasaikolojia walipoufikisha mahakamani mwaka 1985, wakidai kuwa matabibu wanahodhi biashara. Mapatano yalifikiwa miaka mitatu baadaye.

Wakati matabibu wakilinda boma lao, wengine walikuwa wakija kwa njia nyingine, njia ya nasaha. Huko Boston, mwaka 1908, Frank Parsons, aliyekuwa amesomea uhandisi na kisha sheria, alifungua ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kuchagua kazi. Carl Rogers naye, aliyeanza na kilimo, akaingia chuo cha dini, kisha akapata udaktari wa elimu ya nafsi katika chuo cha walimu cha Columbia mwaka 1931, alitoa mwaka 1942 kitabu ambacho jina lake liliunganisha nasaha na tiba ya nafsi kana kwamba ni kitu kimoja. Baada ya Warusi kurusha chombo chao angani mwaka 1957, serikali ya Marekani ilitunga sheria ya elimu ya 1958 na kumwaga fedha za kuwafundisha wanasihi wa shule, ili vijana wenye vipawa wasipotee. Wanasihi wakawa wengi, na baadhi yao wakafungua ofisi zao wenyewe mitaani.

Hapo historia iligeuka kwa namna ambayo ingechekesha kama isingekuwa chungu. Wanasaikolojia walikwisha kupata sheria yao ya kwanza, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1945. Katika Virginia, mapema katika miaka ya 1970, halmashauri yao ilimfikisha mahakamani mnasihi mmoja kwa kuwa anafanya kazi ya saikolojia pasipo leseni. Waliosukumwa nje na matabibu sasa walikuwa wakisukuma wengine. Mahakama iliona kuwa unasihi ni kazi ya peke yake, si saikolojia, bali ni kazi isiyo na sheria. Bunge la jimbo likaitungia sheria, na mwaka 1976 Virginia likawa jimbo la kwanza kuwapa wanasihi leseni. La mwisho, California, lilipitisha yake mwaka 2009. Angalia chanzo: sheria hii, ambayo leo hutetewa kwa jina la mgonjwa, ilizaliwa katika ugomvi wa mipaka baina ya wenye kazi. Sisemi kuwa kwa hiyo ni mbaya. Nasema kuwa mgonjwa hakuwa ndiye aliyeiomba.

Atakaye kuwa mnasihi mwenye leseni katika Marekani leo hupita njia ndefu. Huwa na shahada ya uzamili, hufanya mtihani, na baada ya chuo hufanya kazi kwa saa maelfu chini ya msimamizi. California hutaka 3,000. Huko kusimamiwa ni nini, kama si ijaza iliyoingia ndani ya leseni? Tofauti ni kwamba sheria huhesabu saa. Kama mtu huyo alisikia kilichokuwa kikisemwa katika saa hizo, ni msimamizi peke yake awezaye kujua, na katika fomu mara nyingi huandika neno moja tu. Tena saa hizo aghalabu hulipwa kidogo au hazilipwi, kwa hiyo mtoto wa maskini huchujwa kabla ya mtihani.

Njia hii imefika kwetu pia. Katika Kenya, mlipuko wa bomu wa Nairobi wa Agosti 1998 na janga la Ukimwi vilidhihirisha uhitaji mkubwa wa wanasihi kabla ya kuwapo sheria ya kuwatambua. Sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ilitungwa mwaka 2014, nayo iliwaweka wote wawili chini ya halmashauri moja, jambo ambalo Virginia ya 1972 isingaliliota.

Turudi kwa Reik. Alifariki New York tarehe 31 Desemba 1969, na mpaka kufa kwake hakuwa tabibu. Mwaka 2002 jimbo hilo la New York lilitunga sheria ya kuwapa leseni wachambuzi wa nafsi. Yahitaji shahada ya uzamili ya elimu yoyote, iwe ya fasihi, pamoja na mafunzo ya chuo cha uchambuzi, kutibu chini ya usimamizi, na mwanafunzi mwenyewe kuchambuliwa nafsi yake kwanza.