Jumbe katika Uzaramo wa Wajerumani

Kabla ya kuja Wajerumani, ada katika pwani ya Mzizima ilitoka ufukoni kwenda bara. Washomvi walimpa Pazi wa Wazaramo tunu iliyojulikana kwa jina la kanda la Pazi. Hata Sultani Majid wa Unguja, alipoijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, ilimbidi kupatana na wakuu wa Wazaramo. Kinondoni na Temeke za leo zimo katika nchi hiyo. Yafaa haya yakumbukwe, maana husimuliwa mara nyingi kana kwamba utawala ulishuka pwani pamoja na bendera ya Ulaya.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia Dar es Salaam makao yao makuu, na mkondo ukageuka. Wakubwa wa vijiji hawakuondolewa. Walifanywa majumbe, wakawekwa chini ya maakida, na tangu 1898 wakaagizwa kukusanya kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba.

Werevu huo haukuwa wa Wajerumani peke yao. Mfalme Norodom wa Kamboja aliingia katika himaya ya Wafaransa mwaka 1863. Mwaka 1884 akashurutishwa, manowari zikiwa karibu na jumba lake, kutia sahihi mkataba uliomnyang'anya madaraka na kumwachia kiti. Wakhmer waliasi mwaka uliofuata, lakini kiti hakikuvunjwa, kwa kuwa amri ya mgeni ilipitia hapo. Uzaramo haukuwa na mfalme mmoja. Basi kiti kiligawanywa vipande, kila jumbe akapata chake.

Uzito wake ulionekana mwaka 1902, Gavana Götzen alipoanzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam. Watu walilima kwa amri, jumbe akasimamia. Mapato yalikatwa mafungu matatu: la wakulima wote, la jumbe, na la chama cha kuuza pamba. Mwaka wa kwanza mkulima alitengewa senti 35, na wapo waliokataa kuzipokea. Jumbe, mtu mmoja, alikuwa na fungu sawa na la kijiji kizima! Hata hivyo si haki kumwita kila jumbe msaliti: aliyelegea katika kazi hiyo aliadhibiwa, na aliyekaza alichukiwa na jamaa zake.

Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbini mwezi wa Julai 1905, kwa kung'oa pamba, majumbe walilazimika kuchagua. Kibasila wa Kisangire, kusini ya Uzaramo, aliwafuata watu wake, akanyongwa. Shule ya sekondari huko Temeke ina jina lake. Wengine walibaki na Serikali, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwakuta majumbe na maakida mahali pao, wakaendelea kuwatumia.